Upana wa Kidole Gumba

Ndugu Wulfarni anashikilia: binti wa Hadulfi,
yule wa mizabibu kando ya Mosela.
Kitanda hakizai haramu, anasema.
Kitanda kipi? anauliza Ndugu Teutgari.
Hadulfi alikuwa na miaka miwili kaburini,
na mama mtu alikuwa mjakazi wa kinu cha maji.

Mimi mwandishi tu. Nakwangua ngozi ya ndama.

Hati yenyewe ninayo. Gerswinda anatoa
shamba, kinu, mizinga sita ya nyuki,
kwa ajili ya roho ya mama yake, Imma,
na ya baba yake —
hapo mdudu alipita.
Tundu kama punje ya shayiri.
Ukiinua ngozi dirishani, baba yake ni nuru.

Jana amekuja kitukuu chake, bwana Ratbodi,
na magunia manne ya chumvi.
Anataka nasaba ipande hadi kwa wafalme,
isipitie kinuni.
Damu haipotei, alisema, akimega mkate
uliosagwa kule kule.

Nimeuchora mti. Imma. Gerswinda.
Wana saba, na farasi aliyemuua wa tatu.
Kando ya Imma nimeacha wazi
upana wa kidole gumba.

Abati ataniuliza. Nitasema wino uliganda;
baridi hii hata maji ya baraka yamekuwa jiwe.

Chini kabisa ya hati upo msalaba wake,
mkubwa, umependa kushoto,
wa mtu aliyejua
na hakuulizwa.