Upande Huu Bado

Kutoka mlango wa nyuma mpaka kwenye birika
ni mawe kumi na tisa.
Utotoni niliyahesabu kwa nyayo;
leo nayahesabu kwa chaki, nayatia namba
kama mtu wa kaunti aliyekuja kubomoa.
Hili limepasuka. Hili linacheza kama jino.
Hili limekunywa mvua mpaka likaota ukoga.

La kumi na moja ndilo lililomwangusha Mama,
Mfunguo Tatu, alfajiri, na ndoo ya kutawadhia.
Mkono ukatiwa plasta, wiki sita.
Wiki sita Kibokoni nzima ikaja kumjulia hali,
na kila aliyekuja alilikanyaga jiwe lile lile,
akateleza kidogo, akasema,
"Kumbe ni hili."

Fundi Chengo alifika Jumamosi na mtaimbo,
mwiko, pimamaji iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli,
na kijana wa kukoroga asiyetaja jina.
Akachuchumaa. Akatia kiganja katika bonde la jiwe
kama anayepima homa.

"Usinunue jipya.
Mawe ya Mazeras siku hizi huuzwa kwa futi,
na futi zenyewe zina njaa.
Tulipindue. Uso ulioliwa uende chini,
mpya uje juu. Jiwe ni kama mkeka."

Nikafurahi. Nikamwambia Mama dirishani.
Alikuwa akichagua mchele kwa mkono mmoja;
akapuliza pumba, basi.

Mtaimbo ukaingia.
Chokaa ya kale ikatoka kwa mabonge,
na vipande vya kombe ndani yake.
Tandu akakimbilia ukutani.
Tukaliinua, watu watatu, haya, taratibu, vidole!
tukalilaza kifudifudi,
Chengo akalimwagia maji, akalisugua kwa gunia.

Na pale katikati, chini ya udongo,
bonde.
Kina kile kile. Laini kuliko la juu.

Kijana wa kukoroga akaacha kukoroga.

Mtu alishawahi kulipindua.
Mtu alichuchumaa hapa, labda birika likingali kisima,
mkewe au mamake kaanguka,
akafurahi kama nilivyofurahi mimi
kwamba jiwe lina upande wa pili.
Jina lake sina. Katika hati za nyumba
majina huanzia kwa babu, Mselem,
na Mselem aliinunua nyumba na mawe yake.

Nikavua ndara, nikatia mguu mle.
Kisigino kilikaa.
Vidole vilipita ukingo:
waliolichimba walikuwa na miguu mifupi,
au walikuwa na haraka, wakikanyagia visigino.

Mama akatoka, mkono umening'inia katika leso.
Akatazama bonde, akanitazama mimi,
akamtazama Chengo.
"Na kwa ubavu, fundi?"
Chengo akacheka mpaka akaketi.

Tukalihamisha chini ya bomba la birika,
pahali ambapo maji yanataka bonde.
Sasa kunguru huja kunywa, na paka wa jirani
huja kumtazama kunguru.

Jipya nililipa kwa futi zile zile zenye njaa.
Lilikuja kwa mkokoteni, limeparuza, rangi ya tangawizi.
Chengo alipokwenda kuswali adhuhuri
nilichukua msumari,
nikakwaruza upande utakaolala chini:
*Upande huu bado.*
Herufi zimekwenda mrama. Atakayezisoma atasamehe.

Kisha mchanga, kisha saruji, kisha mpini wa mwiko
ukigonga pembe, tok, tok,
hata povu la pimamaji likatulia kati.

Alfajiri nilikuwa macho kitandani.
Mlango wa nyuma ukalia. Ndara za Mama zikaanza.
Nane. Tisa. Kumi.
Zikasita.
"Linauma," akajisemea.
Kumi na mbili.