Jina la Kushiba

Daftari nililianza nyuma ya kitabu cha stakabadhi,
pale ghalani Isevya, kati ya magunia ya choroko:
kushoto Kiswahili, kulia mdomo wa Bibi
kama sikio langu lilivyoudaka.
Jimo sa: karibu ule, kwa adabu.
Pani: maji.
Thodo: kidogo, na vidole viwili vinabana hewa.
Chai: chai.
Hapo nilicheka, nikaruka mstari.

Kishor hununua dengu mpaka Nzega.
Huondoka alfajiri, mizani nyuma ya pikapu,
akaniachia mama asiye na Kiswahili
na jiko lisilotaka nyama, wala yai, wala harufu ya dagaa.
"Ongea naye," alisema. "Mambo ya kula tu. Yanatosha."

Yanatosha!
Wana kula kwa ndugu, na kula kwa mgeni,
neno linalovua viatu kabla ya kuingia.
Siku moja nilimkaribisha shemeji yake
kwa neno la kulishia ng'ombe.
Shemeji akatazama sahani. Bibi akatazama dari.

Sentensi ya kwanza niliyoisema nzima, bila daftari,
ilikuwa uongo.
Saa nane mchana, jua la Oktoba limekalia bati,
na mimi tangu jana ni kikombe kimoja cha uji,
unga uliobaki nilimwachia mwanangu.
"The jim liya kai?" Umeshakula?
"Jim liyo," nikajibu, nimekula,
kama mama alivyonifunza kule Sikonge kujibu
kwenye kila mlango unaonukia mboga.
Tumbo likanguruma. Kwa Kinyamwezi.
Bibi akaweka mwiko chini.
Alikuwa na neno moja la Kiswahili, ameliokota sokoni:
"Mwongo."

Akanivuta kanga, tukaketi sakafuni.
Akapiga mkate wa uwele kwa viganja, pa, pa, pa,
akautoboa kwa kidole gumba, samli ikajaa tundu.
Akafungua mfuko uliovuka bahari naye:
maganda makavu ya mti wa jangwani kwao,
membamba kama njiti za kiberiti.
Nami nikafungua pindo: matobolwa ya mama.
Akatafuna, akaacha kutafuna, akatafuna tena.
Hatukusema lolote juu ya ukame.
Anayeanika chakula anajua anachokiogopa.

Alipotaka kuniongezea, niliziba sahani kwa kiganja.
"Dhap gi," akanifunza. Nimeshiba.
Nikaandika.
Akajigusa kifuani: "Dhapu."
Nikadhani naye kashiba.
Akatikisa kichwa, akajigusa tena.

Jioni Kishor alinifafanulia, akiosha vumbi miguuni:
mama yake ni binti wa tano.
Alipozaliwa babu alisema basi,
mabinti tumeshiba,
na basi hiyo ikawa jina.

Nilisugua sufuria lililokwisha kutakata.
Mimi naitwa Tabu.
Mwaka niliozaliwa nyumba yetu ilichimba mizizi porini,
wakaona heri mtoto aubebe mwaka kuliko wao.
Kesho yake nikamweleza
kwa mikono, kwa maneno manane ya Kimarwari,
mwisho nikaigeuza sahani juu chini: Tabu.
Alielewa upesi mno.

Sasa saa nane ikifika, haulizi.
Anasema jimo, anasogea,
goti lake linagusa langu,
na thodo yake ni mlima.

Kwenye daftari, pale penye nimekula,
nimepiga mstari wa wino mwekundu.
Sentensi haina kosa.
Ni kwamba nyumba hii
hakuna tena wa kuambiwa.