La Kumi na Nane

Bwana Tweve alikuja na fundi, tochi na pima maji.
Kofia alivua mlangoni, viatu hakuvua.
Alishatoa kishika uchumba, milioni moja taslimu,
kwa hiyo alijiona nusu mkwe wa nyumba hii.

Walianzia juu. Nilisikia mabati yakilia
chini ya magoti ya fundi Lwitiko, kisha sauti:
"Kutu! Upande wote unaotazama Rungwe."
Tweve akaandika, kwenye daftari lake la mbao
ambalo kurasa za mbele bado zilisoma
mbili kwa nne, moja kwa nane, deni la Mafinga.

Ufa wa sebuleni aliupima kwa ufunguo wa gari.
"Usipoziba ufa," akaanza.
Nikamwambia, huo tuliuziba mara mbili,
tetemeko likaja likaufungua,
tangu hapo tunaishi nao kama na shemeji.
Akaandika.

Mlango wa jikoni haufungi mpaka uunyanyue kwa goti.
Akaandika.
Choo cha ndani kinanong'ona usiku kucha.
Akaandika.
Mchwa, fremu ya dirisha, chumba cha mama.
Hapo nilitaka kumpokonya kalamu.

Yalipofika kumi na saba
alikalia kigoda cha marehemu baba bila kukaribishwa,
akajumlisha, ulimi nje kidogo
kama mtoto wa darasa la tatu.
"Tulisema arobaini na mbili," akasema.
"Mimi naona thelathini na tano. Na hapo nimekuhurumia."

Huruma ya Tukuyu ni koti la mvua, Bwana Tweve,
hiyo yako ni ya duka gani?
Kutu nakuachia laki tatu.
Mlango unahitaji goti, na goti unalo.
Mchwa nakuongezea bure, siwadai.
Lakini miparachichi miwili ya nyuma,
inayozaa hadi matawi yanaombewa magongo,
mbona sijaiona humo? Daftari lako lina chongo.

"Parachichi haliezeki paa."

"Linamlipa mwezekaji."

Tukaenda hivyo, laki kwa laki,
chai ikapoa, ikafanya ngozi.
Simu ikatetemeka mezani: kaka zangu, Mbeya,
watatu wakizungumza kwa kidole kimoja:
*Usishuke chini ya 38. Na usiongee sana.*

Fundi Lwitiko alikuwa amesimama jikoni.
Akagonga sakafu kwa kisigino, mara moja,
akautazama ule mstari wa rangi ya chai
uliozunguka ukuta, inchi nne kutoka chini.
Akanitazama mimi.
Halafu akaenda kuosha mikono.

Ilikuwa Septemba, mwezi pekee
ambao hata mji huu hujifanya mkavu.
Septemba kila nyumba ina tabia njema.

Thelathini na tisa. Tukashikana mikono.
Wake ulikuwa na sugu, mkono wa msumeno,
mkono wa mtu aliyenunua kila kitu kwa kuhesabu.
Nikaona mke wake, ambaye sijawahi kumwona,
akiamka alfajiri ya Aprili kuwasha jiko,
akikanyaga.

"Kabla hujaniachia," nikasema,
"andika la kumi na nane.
Chini ya jiko kuna chemchemi. Mvua ikizidi inaamka.
Siku tatu, mwaka mbaya nne.
Inapanda taratibu, haina fujo,
inazunguka chumba kama mgeni anayetafuta pa kukaa,
kisha inarudi ilikotoka."

Hakuniachia. Hakuandika.
Nje, nzi mmoja alikuwa anashindana na kioo,
na fundi akawa amefunga bomba ili asikie vizuri.

"Na nyie mlikuwa mnafanyaje?"

"Tulivua viatu.
Mama alichota humohumo akapikia.
Ni maji safi."

Bwana Tweve akatazama viatu vyake muda mrefu,
mkono wangu ukipata joto ndani ya wake.

"Safi kiasi gani?" akauliza,
na sikujua kama anapunguza
au anaongeza.