Kinga Haikingi

Kwetu Lubumbashi baiskeli ni kinga,
ingawa haikingi jua, haikingi mvua,
na polisi akitaka chai, haikingi kabisa.
Yangu hubeba magunia matano ya makala
kutoka porini, barabara ya Kasenga, siku mbili,
nami sipandi. Mtu hapandi kinga iliyoshiba.
Naisukuma kwa bega na fimbo
kama anayempeleka mlevi kwake.

Mwezi wa saba walichora mstari mweupe kando ya lami,
na ndani yake kinga ndogo, nyeupe,
haina gunia, haina mtu.
Nilisimama nikaitazama.
Huyu naye anauza nini, upepo?

Njia nimeipima. Fimbo moja na nusu.
Mimi na magunia yangu: fimbo moja na robo.
Inabaki robo,
na katika robo hiyo ndimo ulimopita wewe
umesimama wima juu ya trotineti ya umeme,
viatu vyeupe, mkoba mgongoni,
bila sauti.

Lori la Kasumbalesa hujitangaza tangu mbali.
Pikipiki hukohoa. Hata mbuzi ana neno lake.
Wewe ulipita kama wazo la mtu mwingine,
nami nikashtuka, kinga ikalala,
gunia la juu likapasuka
juu ya maua ya mijakaranda yaliyoanguka usiku.
Zambarau na nyeusi. Pengine palipendeza.
Mimi nilikuwa nahesabu hasara.

Nikapaza sauti: Mjinga we!
Ukageuka, ukatabasamu,
ukaniinulia mkono kama tunajuana.
Hilo ndilo lililoniuma. Si gunia.
Usiku mzima nililala na mkono ule.

Halafu wiki ile umeme ulikatika,
Bel-Air giza, Kampemba giza,
na asubuhi ya tatu nikakukuta kwenye mpando
unakikokota chuma chako kama mtoto anayegoma shule.
Nilikusudia kupita. Naapa nilikusudia.
Lakini kwenye mpando hakuna anayempita mtu haraka
akiwa na magunia matano,
kwa hiyo tukaenda sambamba, tumenuna,
hatua kwa hatua, hadi kunyamaza kukawa kazi nzito kuliko mzigo.

Nikasema: leta.
Nikaipandisha juu ya makala, nikaifunga kwa mpira wa tairi.
Nyepesi! Kumbe kitu kilichoniangusha
hakifiki hata nusu gunia.
Ukaenda nyuma, ukasukuma,
na ulisukuma kweli, sikutegemea,
nilisikia mlima umepungua mgongoni.

Juu kabisa ukaomba makala ya kopo mbili:
jiko la nyumbani nalo lilikuwa la umeme,
mama amekula mkate siku tatu, anataka bukari.
Mikono yako ilikuwa myeusi kama yangu,
viatu sitavitaja.
Nikauliza jina, kwa adabu tu.
Ukasema: Mujinga.
Nikadhani unanirudishia tusi langu.
Ukasema: ni jina la bibi yangu, la Kasai,
la mtoto aliyezaliwa na kitovu shingoni.
Tena wewe unalijua, papa,
si uliniita siku ile pale kwenye maua?
Nilijiuliza sana nani amekwambia.

Nilikohoa. Nikarekebisha kamba isiyolegea.
Pesa ya kopo ya pili sikuichukua,
na sababu sikuitoa.

Sasa ukinikaribia kwa nyuma
unaita mwenyewe, kwa sauti ya sokoni:
Mujinga! Mujinga anapita!
Wauza vocha wanacheka, wanafunzi wanaitikia.
Nami bila kugeuka
nasogeza magunia, robo fimbo,
mpaka gurudumu langu linakanyaga ile kinga nyeupe
ambayo mpaka leo haijapata mzigo.