Swali Kabla ya Dripu

Hakuniuliza daktari.
Daktari alikuwa na karatasi, na karatasi ilikuwa na haraka:
Jumatatu dripu ya kwanza; leta ndoo, leta kikwembe, leta mtu wa kukulinda.
Aliyeniuliza ni Mama Cibalonza, muuguzi wa zamu ya usiku,
akikunja shuka, bila kuniangalia usoni:
"Weye Murhula, uko na mutoto?"
Bado.
"Na unapenda kuzala siku moja?"

Nilikuwa na miaka ishirini na minne
na uvimbe shingoni kama yai la bata.
Kuogopa kufa nilikuwa nimeshazoea,
hofu ile nilikuwa nimeipa kiti.
Hii nyingine ilibisha hodi kwa mlango wa nyuma.
"Dawa hii," akasema, "haichagui magugu.
Inapalilia shamba lote."

Siku nne, daktari akakubali. Si tano.

Baba hakusema kitu. Baba na mimi
hatujawahi kutaja mambo ya chini ya kiuno
isipokuwa goti lake.
Alikwenda Mugogo siku ya soko
akarudi bila ng'ombe mwekundu wa mahari ya Nsimire,
akaziacha noti mezani, chini ya sahani ya sombe,
kama mtu anayelipa deni la karata.

Tulivuka Ruzizi alfajiri, mimi na Nsimire.
Huko Nyungwe nyani walikaa kando ya lami,
watoto mgongoni, wengi, bila hesabu.
Nsimire akageukia dirisha, akacheka,
kisha hakucheka.

Kile chumba cha Kigali sitaki kukielezea.
Kikombe cha plastiki, jina langu limekosewa: Mulula.
Ukutani picha ya mlima wenye theluji.
Nje redio ya mlinzi ikisoma matokeo ya mpira.
Nililia kwanza.
Mengine ni siri yangu na ule mlima.

Mimi ni mtoto wa Kadutu;
kwetu umeme huja kama mjomba wa mjini,
usiku, bila taarifa, na huondoka kabla ya chai.
Nikamwuliza fundi wa maabara: "Na umeme ukikatika?"
Akafunua mtungi, moshi mweupe ukamwagika miguuni petu.
"Baridi hii," akasema, "haijui umeme."

Stakabadhi namba 0417. Kila mwezi wa tatu, ada.
Likelemba la mama limempa zamu mbili kabla ya wakati;
kwenye daftari wameandika *friji ya Murhula*,
na majirani bado wanangoja nianze kuuza maji baridi.

Shangazi alimshauri Nsimire atafute mtu mwenye nywele.
Kuna majuma aliukalia ushauri ule
kama mtu anayejaribu viatu dukani.
Simlaumu. Anasema vilimbana.

Alhamisi tunakaa watatu kwenye benchi nyuma ya maabara.
Nabintu, ambaye mayai yake yalihitaji wiki mbili,
na uvimbe haukumpa hata moja.
Akonkwa mshona viatu, ambaye hakuulizwa na mtu,
na nikitaja friji yangu huangalia gundi kwenye kucha zake,
huikwangua, huikwangua.
Nimejifunza kutoitaja.
Hawa ndio ninaowapigia saa tisa ya usiku,
mdomo ukiwa na ladha ya misumari.
Hatupeani moyo sana. Akonkwa huleta karanga.

Leo kuna mgeni, mvulana,
shati la shule lina doa la wino mfukoni.
Mama yake yuko dirishani akihesabu franga mara ya pili.
Mapajani ana karatasi; naijua karatasi ile, naijua haraka yake:
Jumatatu.
Nabintu ananitazama. Mimi ninatazama chini.
Ni Akonkwa anayesogea,
anayemwaga karanga katika kiganja cha yule kijana,
anayesafisha koo, anayeshindwa, anayeanza tena:
"Mudogo wangu.
Weye, bamekuuliza?"