Mkono Mmoja Mfukoni

Velizar, theluji ya Gabrovo imefika dirishani,
na transfoma uliyoitoa kwa mnunua vyuma
inanguruma chini ya meza kama paka aliyeshiba.
Volti elfu tatu. Mkono wa kushoto mfukoni,
ndivyo alivyokufunza Dochka, fundi wa mnara,
aliyepoteza kidole asipoteze mzaha:
"Umeme haupigi hodi."

Wiki ya tatu hii.
Ukibonyeza ufunguo, sindano ya mita inaruka,
vali inawaka zambarau, fyuzi inakatika,
na Penka wa ghorofa ya chini anagonga bomba kwa mwiko:
nukta zako na vistari vimo tena
katikati ya utabiri wake wa hali ya hewa.

Umebadili kapasita. Koili umeisokota upya
kwa bomba la shaba la friji bovu.
Umemtukana kila aliyekuuzia kitu.

Leo umezima vyote. Umegusisha fimbo ya ardhi: pa!
deni lililosahaulika limelipwa.
Ukamulika kwa tochi, taratibu,
ukaliona tone la lehemu, kijivu, halina mng'ao,
limeukalia waya wa gridi bila kuushika.
Lako mwenyewe. La usiku wa kwanza, wa pupa.

Hukusema neno. Ulipasha chuma moto.

Saa sita usiku mtu wa Hokkaido,
kwake kunapambazuka,
anakujibu: nakupata vizuri.
Nawe unautoa mkono mfukoni,
umelowa jasho,
hujui pa kuuweka.