Mstari wa Pili

Dundee, Januari. Saa kumi jioni
na jua limeshakata tamaa.

Bwana Threlfall ametuachia boksi la vijiti
na ahadi: dakika kumi na tano utajua,
ni yeye, au siye.
Sisi hutumia siku mbili,
sahani za agari, joto la kabati, na pua
(kunusa kumekatazwa; Mhairi hunusa).

Mama naye alikuwa na kipimo cha haraka:
kidole chenye mate kwenye pasi ya mkaa,
tsss, akajua.
Hakukosea, ila mara moja.
Gauni langu la shule lilibaki na ramani ya kahawia
begani, darasa la tano mpaka la saba.

Kwa hiyo nimewatoa arobaini kwenye barafu kali:
thelathini wa ukoo unaotafutwa,
kumi majirani tu.
Mhairi amewavua majina, amewapa namba,
orodha kaificha mfukoni mwa koti.
Tone. Tone. Saa ya ukutani.
Mstari wa kwanza husema kijiti ni kizima.
Wa pili ndio neno lenyewe.

Namba tano: mwekundu, hauna haya.
Namba kumi na nane: upo.
Namba thelathini na moja,
nakiinua kwenye taa, nakiinamisha.
"Upo," asema Mhairi. "Haupo," nasema.
Tunamwita Pawel wa zamu ya usiku.
Anavua miwani, anavaa miwani.
"Mnautaka uwepo?"

Tukaandika: hasi.

Orodha ikatoka mfukoni.
Thelathini na moja alitoka kwenye damu ya mzazi wa Arbroath,
mwaka ule wa theluji kubwa,
siku ya tatu baada ya kujifungua.
Yeye alizikwa. Mdudu wake tunamtunza,
digrii themanini chini ya sifuri, mzima wa afya.

Thelathini na tisa kati ya arobaini!
Threlfall anacheka kwenye simu.
Hesabu yake ni sahihi.
Mimi nahesabu thelathini tu;
kumkana jirani si kazi.

Ripoti ina kurasa nne.
Sentensi moja naifuta, nairudisha:
kikisema ndiyo, kiaminiwe;
kikisema hapana, sahani iwekwe, isubiriwe.

Namrudisha thelathini na moja kwenye rafu yake.
Kidole kinanata kwenye chuma,
kidogo tu.
Hakisemi kitu.